Duma wa Kenya waliogoma kushindana kwenye uwanja wa mbwa London

Kama umewahi kuingia duka la kubeti, hao mbwa unawajua. Wa kwanza amevaa koti jekundu, wa pili la samawati, wa tatu jeupe, wa nne jeusi, wa tano la rangi ya chungwa na wa sita la milia myeusi na myeupe. Geti linafunguka, wanatoka mbio, nusu dakika imeisha. Mmoja ameshinda, watano wamekula pesa zako. Kabla hujamaliza kulaani, wamerudi tena getini. Hawahemi, hawajatoa hata ulimi.

Hawahemi kwa sababu si mbwa. Ni picha za kompyuta.

Mimi nilijuana nao hapa Eldoret, kwenye duka moja mjini ambalo sitalitaja jina. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Mama anauza viazi na mboga sokoni, na asubuhi hiyo alikuwa amenitumia Sh18,500 za karo. Nilitaka tu kuziongeza kidogo, si unajua ile hesabu ya kichwani? Nilianza na mia mbili saa nne asubuhi. Saa kumi jioni nilikuwa natembea kwa miguu kurudi West Indies, mfukoni sina hata ya boda. Huo ndio ukawa mwisho wa chuo. Sikufukuzwa na mtu. Nilikosa uso wa kurudi.

Sikusimulii haya ili unionee huruma. Nimeanza nayo kwa sababu baadaye, nikiwa nimekaa nyumbani bila kazi, nilijiuliza swali ambalo ningejiuliza kabla ya kutoa ile mia mbili ya kwanza. Hawa mbwa ni wa nani? Kwani wewe umewahi kuona uwanja wa mbio za mbwa Kenya hii? Hapa Eldoret tuna mtaa unaoitwa Racecourse, lakini jina hilo ni la mbio za farasi za walowezi, na siku hizi pale utaona nyumba na maduka, farasi huoni. Mbwa ndio kabisa. Sasa mbona wako kwenye skrini zetu kutoka asubuhi hadi usiku, na makoti yao ya rangi?

Nikaanza kusoma kwa simu, kitu kikanipeleka kwa kingine, mpaka nikakutana na jamaa mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 80 iliyopita. Enzi zake magazeti ya Uingereza yalimjua sana. Sisi huku hatumjui, ingawa wanyama waliompa umaarufu mkubwa aliwatoa kwetu, na safari yake ya mwisho ilianzia Mombasa pamoja na mamia ya watu wetu. Anaitwa Kenneth Gandar-Dower. Kaa hapo nikusimulie.

Kijana wa pesa asiyetulia

Alizaliwa London tarehe 31 Agosti 1908, mvulana wa mwisho kati ya wanne. Kwao pesa zilikuwepo. Ndugu zake wawili, Alan na Eric, walikuja kuwa wabunge, na huyo Eric ndiye aliyeanzisha uwanja wa ndege wa Aberdeen kule Scotland. Kenneth alipelekwa Harrow, moja ya zile shule za watoto wa mabwanyenye, kisha akaenda Cambridge kusoma historia katika chuo cha Trinity. Tofauti na mimi, yeye alimaliza.

Lakini masomo siyo yaliyompa jina. Jina lilitokana na michezo. Jamaa alicheza kila kitu: kriketi, kandanda, tenisi, biliadi, skwoshi, na faivu, ambao ni mchezo wa kupiga mpira ukutani kwa kiganja. Kwenye faivu alikuwa bingwa wa wachezaji wa ridhaa, yaani wale wasiolipwa. Mwaka 1938 akawa bingwa wa ridhaa wa skwoshi pia. Alicheza tenisi Wimbledon, na mwaka 1932 kwenye mashindano ya Queen's Club, London, alimchapa Harry Hopman wa Australia. Kama hufuatilii tenisi, huyo Hopman alikuja kuwa nahodha na kocha mkubwa sana wa timu ya Australia ya Davis Cup. Hakuwa mtu wa kuchapwa na yeyote tu.

Kilichoshangaza watu ni jinsi Gandar-Dower alivyocheza. Hakuwa na mapigo ya kupendeza macho. Alikuwa anakimbia tu. Ukiupiga mpira kona hii, yuko. Ukiupeleka ile nyingine, yuko. Alikuwa anaurudisha na kuurudisha mpaka mpinzani anachoka. Wakambandika jina la utani la mbwa, yule mbwa wa wawindaji ambaye kazi yake ni kukimbia kuokota ndege aliyeangushwa na kumleta kwa bwana wake, bila kuchoka. Weka jina hilo akilini.

Mwaka huo huo wa 1932 akajifunza kurusha ndege. Wengine wakipata leseni huzunguka juu ya kijiji chao kwanza ili mama awaone. Yeye, muda mfupi tu baada ya kupata yake, aliingia mashindano ya ndege ya Kombe la Mfalme, kisha yeye na mwenzake wakaondoka Uingereza kwa ndege ndogo mpaka India. Walifika hadi Madras. Kwa watu wasio marubani wa kazi, hilo lilikuwa jambo kubwa wakati huo, na akaliandikia kitabu.

Umeshamwona ni mtu wa aina gani. Akishinda hapa, roho iko kule. Hata sisi tunao mtaani: leo ni muziki, kesho ni forex, keshokutwa anauza viatu. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na pesa ya kugharamia kila wazo lililomjia.

Kumtafuta simba wa madoadoa

Mwaka 1934 wazo likamleta Kenya. Alikuja kutafuta mnyama ambaye hakuna mwenye uhakika kama yupo.

Miaka mitatu kabla, mwaka 1931, mkulima mlowezi aliyeitwa Michael Trent alipiga risasi simba wawili katika milima ya Nyandarua, juu kabisa kwenye baridi, kama futi 10,000 kutoka usawa wa bahari. Simba hao walikuwa wadogo kwa umbo, lakini si watoto. Na ngozi zao zilikuwa na madoadoa, kama ya chui aliyefifia. Kwa kawaida simba huwa na madoa akiwa mtoto na akikua yanapotea. Hawa walikuwa nayo bado. Ngozi ikapelekwa hadi jumba la makumbusho ya viumbe London. Wenyeji wa milimani, kwa upande wao, walikuwa na jina la mnyama huyo tayari: marozi.

Gandar-Dower alishirikiana na Raymond Hook, mlowezi wa Nanyuki aliyeijua milima ile vizuri, na waongozaji Waafrika ambao, kama kawaida ya vitabu vya wakati ule, ndio walioijua njia lakini si wao wanaokumbukwa kwa majina. Walizunguka miezi mingi Nyandarua na Mlima Kenya. Nyayo waliziona, nyayo ambazo aliamini ni za marozi. Marozi mwenyewe hawakumwona. Kitabu chake kuhusu safari hiyo kilitoka mwaka 1937, na mpaka leo hakuna aliyempata mnyama huyo. Wataalamu wengine husema huenda ni simba wa kawaida tu waliobaki na madoa ya utotoni.

Mtu mwingine angerudi kwao mikono mitupu. Huyu alirudi na mpango mwingine kabisa.

Homa ya mbwa Uingereza

Ili uelewe mpango huo, lazima ujue hali ilivyokuwa kwao. Uingereza ilikuwa na homa ya mbio za mbwa.

Mchezo wenyewe ulitoka Marekani. Mwaka 1919, katika mji wa Emeryville, California, Owen Patrick Smith alifungua uwanja wa mbwa wenye sungura bandia anayevutwa kwa mashine juu ya reli. Hapa Eldoret neno sungura halikusumbui. Unajua ni yule mwanariadha anayelipwa kuongoza kasi kisha anatoka njiani. Sungura wa riadha unaweza kumpita, na wapo walioamua kuendelea mpaka wakashinda mbio zenyewe. Sungura wa mbwa hapitiki. Kuna mtu amekaa juu na mtambo, anamwangalia mbwa wa mbele, na kila mbwa akikaribia anaongeza kasi. Mbwa atakimbia maisha yake yote uwanjani na hatamkamata.

Tarehe 24 Julai 1926 mchezo ukaanza rasmi Manchester, uwanja wa Belle Vue. Usiku wa kwanza walifika watu wapatao 1,700. Baada ya muda mfupi walikuwa wanafika maelfu kwa maelfu, na viwanja vikachipuka kila mji mkubwa. Ukiangalia sababu utaona ni rahisi. Mbio za farasi zilikuwa mchana, mbali, na watu wake walikuwa mabwana wenye kofia ndefu. Mbio za mbwa zilikuwa jioni, chini ya taa, karibu na mtaa. Mtu anatoka kiwandani, anakula, anapitia uwanjani na shilingi yake. Kubeti nje ya uwanja kwa pesa taslimu kulikuwa marufuku, ila ndani ya uwanja ilikuwa ruhusa. Kwa hiyo ukitaka kubeti bila kukimbizana na polisi, unaenda kwa mbwa.

Kufikia miaka ya 1930 London peke yake ilikuwa na viwanja vingi hadi vinanyang'anyana watazamaji. Kila mwenye uwanja alikuwa anatafuta kitu kipya. Gandar-Dower akafikiria: kama watu wanajaza uwanja kuona mbwa, je, wakiletewa mnyama mwenye kasi kuliko wote duniani?

Duma kumi na wawili

Duma walinaswa wakiwa hai huku kwetu, kwa msaada wa yule Hook wa Nanyuki. Duma kumi na wawili wakapandishwa meli mpaka Uingereza. Huko wakawekwa karantini miezi sita, kama sheria ilivyotaka kwa hofu ya kichaa cha mbwa. Hebu piga picha: mnyama amezaliwa kwenye mbuga ambako macho yanafika mpaka upeo wa dunia, halafu nusu mwaka anatazama waya na mvua.

Baada ya hapo wakaanza kufundishwa kukimbiza sungura bandia, kwenye viwanja vya Staines na Harringay. Desemba 1937 wakaonyeshwa kwa umma katika uwanja wa Romford, mashariki ya London. Magazeti yaliandika, kamera za sinema zilikuja, watu wakafurika.

Na mwanzo ulikuwa mtamu. Duma mmoja jike aliyeitwa Helen alipokimbizwa na mbwa wa mbio, aliwaacha. Si ajabu. Hao mbwa, grehaundi, hukaribia kilomita 70 kwa saa wakiwa kwenye ubora wao. Duma akiamua hupita 100.

Tatizo liko kwenye hilo neno, akiamua. Walipojaribu kuwashindanisha duma kwa duma, mambo yakaharibika. Mmoja akitangulia, yule wa nyuma anaangalia, anaona mwenzake ameshamfikia windo, anapunguza mwendo na kuacha. Wengine sungura bandia hakuwavutia hata kidogo. Tena uwanja wa Romford ulikuwa mdogo wenye kona kali, na duma ni wa kufyatuka mita mia chache tu, basi. Mtu amelipa kiingilio, ameweka pesa yake, na mnyama aliyembetia amesimama katikati ya mbio anaangalia taa.

Nilipofika hapo kwenye kusoma, nilicheka peke yangu. Halafu nikaacha kucheka nikaanza kufikiria.

Grehaundi alitengenezwa na binadamu. Kwa karne nyingi watu walichagua wale wanaokimbiza chochote kinachokimbia, wakawazalisha wao kwa wao, mpaka wakapata mbwa ambaye akiona kitu kinatoroka hawezi kujizuia. Haijalishi kama jana alikimbiza kitu hicho hicho akakikosa, na juzi, na mtondo. Duma hakutengenezwa na mtu. Kila mbio anayokimbia inamgharimu nguvu za chakula alichokula, na akizitumia vibaya mara nyingi anakufa njaa. Kwa hiyo amejifunza kupiga hesabu kabla ya kuruka: windo liko umbali gani, nitalipata au sitalipata? Akiona halipatikani, anaacha. Haoni aibu kuacha.

Mimi saa nane mchana siku ile nilikuwa bado na elfu kumi na moja. Nilikuwa nimeshaona kwamba hazirudi. Nikaendelea.

Onyesho la duma halikudumu. Gandar-Dower mwenyewe aliendelea kuzungumziwa, hasa alipoingia kwenye baa ya Queen's Club, klabu ileile alikomchapa Hopman, akiwa na duma dume kwa mnyororo kama mtu aliyekuja na mbwa wake. Wakubwa wa klabu hawakufurahi. Picha yake na duma ndiyo wengi wanayoikumbuka. Kuhusu duma wenyewe, waliotolewa kwao kwa ajili ya wazo lililokufa haraka, vitabu havijali sana.

Safari kutoka Kilindini

Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, Gandar-Dower alirudi kufanya kazi Afrika, safari hii kama mwandishi akifuatana na majeshi. Aliandika juu ya kampeni ya Ethiopia ya mwaka 1941, ambapo Waitaliano walifukuzwa na jeshi lililojaa askari Waafrika. Mwaka 1942 alikuwa Madagascar. Husimuliwa kwamba majeshi yaliposhuka Tamatave, wenzake wakiwa na bunduki, yeye aliruka kutoka kwenye chombo akiwa na kofia yake nyeusi ya duara, mwavuli na taipureta.

Mwanzoni mwa Februari 1944 alipanda meli Kilindini, Mombasa. Meli iliitwa Khedive Ismail na ilikuwa inaelekea Colombo, Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Ndani kulikuwa na watu zaidi ya 1,500. Kundi kubwa zaidi lilikuwa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, vijana wa umri wako na wangu, waliokuwa wanapelekwa kwenye vita dhidi ya Wajapani. Walikuwemo pia wauguzi wengi wanawake.

Jumamosi tarehe 12 Februari, karibu na visiwa vya Maldives, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga meli hiyo. Ilizama kwa muda wa kama dakika mbili. Dakika mbili, ndugu yangu, ni mizunguko michache tu ya wale mbwa. Walio chini kwenye vyumba hawakupata hata nafasi ya kufika juu. Manowari mbili za Uingereza, Petard na Paladin, ziliiwinda nyambizi hiyo mpaka zikaizamisha, na katika kufanya hivyo zilirusha mabomu majini wakati manusura bado wanaelea pale pale. Waliopona walizidi kidogo tu 200. Waliokufa ni karibu 1,300, wakiwemo wanawake zaidi ya 70.

Gandar-Dower alikuwa miongoni mwa waliokufa. Alikuwa na miaka 35. Kitabu chake cha Ethiopia kilitoka baada ya yeye kufa.

Ukiwa Nairobi na una saa moja ya bure, nenda makaburi ya wanajeshi kwenye barabara ya Ngong, barabara hiyo hiyo ulipo uwanja wa mbio za farasi. Kuna mnara wa kumbukumbu wa askari wa Afrika Mashariki wasio na kaburi. Zaidi ya 600 kati yao ni wa kikosi cha 301, waliobaki chini ya bahari na mzungu wa duma. Kwa yeye peke yake utapata kurasa nyingi mtandaoni. Wale 600 wengi wana mstari mmoja wa jina.

Viwanja vimekufa, mbwa wamebaki

Turudi kwa mbwa. Vita vilipoisha, watu walikuwa na kiu ya starehe, na mwaka 1946 viwanja vya mbwa Uingereza vilijaa kuliko wakati wowote. Baada ya hapo ni kushuka tu.

Pigo kubwa lilikuja Mei 1961, maduka ya kubeti yaliporuhusiwa mitaani. Kumbuka nilikwambia watu walienda uwanjani kwa sababu ndiko kubeti kulikoruhusiwa. Sasa duka liko kona ya mtaa, ya nini kupanda basi jioni kwenye baridi? Televisheni ikaongezea. Na ardhi ya mjini ikapanda bei mpaka mwenye uwanja akaona nyumba zinalipa kuliko mbwa. White City, uwanja mkubwa kuliko vyote, ulifungwa mwaka 1984. Harringay, walikofundishiwa duma wetu, mwaka 1987, na sasa hapo kuna supamaketi. Walthamstow mwaka 2008, pakajengwa nyumba. Wimbledon mwaka 2017, leo ni uwanja wa kandanda. Belle Vue, ulipoanzia wote, mwaka 2020. Crayford ukafunga Januari 2025, na hapo London, iliyokuwa na viwanja zaidi ya 30 enzi zile, ikabaki na kimoja tu. Unajua ni kipi? Romford. Palepale Helen alipowaacha mbwa.

Sababu nyingine ni mbwa wenyewe. Wanaumia kwenye kona, na maisha yao ya mbio ni miaka michache. Wakishapungua kasi, nani anawalisha? Mwaka 2006 gazeti moja la Uingereza lilifichua kuwa maelfu ya mbwa waliostaafu walikuwa wameuawa na kuzikwa kwenye shamba kaskazini mwa nchi. Watu wengi hawakusahau. Macau ilifunga uwanja wake mwaka 2018. Mwaka huo huo wapigakura wa Florida, jimbo lililokuwa na viwanja vingi kuliko yote Marekani, walipiga kura mchezo ukomeshwe, na mwisho wa 2020 ukakoma. Desemba 2024 serikali ya New Zealand nayo ikatangaza kuufuta.

Kwa hiyo mbwa halisi wanapumzishwa, na mimi nafurahi kwa ajili yao. Lakini wenye biashara waligundua kwamba mbwa hawahitajiki kabisa. Mbwa wa kompyuta hali, haumii, halali. Hana wikendi. Hata sungura haitaji mtu wa kumwendesha. Programu inachagua nambari kwa bahati nasibu, picha zinachorwa kulingana na nambari hiyo, na makoti ya rangi yanabaki yaleyale ya viwanja vya Waingereza ili uone ni mchezo wa kweli. Mzee wa London wa mwaka 1937 angalau aliweza kumtazama mbwa, akaona anachechemea, akabadilisha mawazo. Wewe unatazama nini?

Hesabu yake ni ya darasa la sita. Tuseme mbwa sita wana nafasi sawa. Malipo ya haki ni mara sita ya pesa uliyoweka. Duka likikulipa mara tano, ina maana ukiweka mia moja kwa kila mbwa, umetoa mia sita na utarudishiwa mia tano. Hiyo mia iliyobaki ni ya duka, kila mzunguko, na mizunguko haiishi mchana kutwa. Hapo hakuna mkosi wala mchawi, na hakuna mbwa wa bahati. Mwenye mtambo anaongeza kasi ya sungura kila ukikaribia.

Sijui wewe unayesoma uko wapi na hilo jambo. Labda hujawahi kubeti na unanishangaa. Labda umesomea hapa ukiwa ndani ya duka lenyewe, unasubiri geti lifunguke. Kama ni hivyo, angalia mfukoni mna ngapi bado. Mimi ningekuwa na elfu kumi na moja. Zisingetosha karo, lakini ningempelekea mama nikamweleza, na pengine mwaka huu ningekuwa namaliza.

Sasa hivi nauza makava ya simu na chaja pale mjini, na nimeweka elfu saba kando. Mama bado anaamini chuo kilisimamisha kozi yetu. Dada yangu husoma sehemu hii ya gazeti kila wiki na humsomea yanayompendeza. Kwa hiyo jioni hii nafunga mapema, naenda nyumbani kumwambia mwenyewe kabla hajasomewa.